Watoto wamebuni mchezo wa "Pazia", lakini kila mpira unafia chini: tuurekebishe au tununue wavu?

"Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi Arua, Uganda. Nyuma ya nyumba tuna nafasi ndogo kati ya mwembe na banda la jiko, kama mita 10 kwa 6. Likizo hii watoto walitandaza vitenge kwenye waya wa kuanikia nguo, wakaanza kucheza voliboli juu yake bila kuonana. Mchezo wameuita Pazia. Mwanzoni walicheka mpaka majirani wakaja kutazama. Sasa kila jioni unaisha kwa ugomvi. Mpira ukirushwa haurudi, pointi inaishia hapo hapo. Kijana wangu wa miaka 15 anawashinda wote, pacha wa miaka 8 wanafunika uso, na mpwa wangu wa miaka 11 mwenye mguu dhaifu anawekwa kando kuhesabu pointi. Juzi binti yangu wa miaka 12 aliumia kidole, jirani akakivuta ili 'kukirudisha', na bado kimevimba. Mume wangu anasema tuache, tununue wavu wa kweli tufuate sheria za voliboli. Je, mchezo huu unatengenezeka?"

Dada, unatengenezeka, na nitakueleza namna. Lakini kwanza kidole, maana mchezo unaweza kungoja hadi Jumamosi na kidole hakiwezi.

Mpira unapogonga ncha ya kidole kilichonyooka, nguvu yote inarudi nyuma hadi kwenye kiungo, na kano zinazokishika kiungo zinavutwa kupita kiasi. Mara nyingi hakuna kilichotoka mahali pake, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Kumvuta mtoto kidole ni mazoea yaliyoenea sana katika viwanja vyetu, na ningependa yakome. Kama kano zimejeruhiwa, unaziongezea jeraha. Kama mfupa umevunjika, unaweza kuusogeza. Na kwa mtoto wa miaka 12 kuna jambo la ziada: karibu na viungo mifupa yake bado ina sehemu laini za kukulia, na sehemu hizo zikiumia huenda kidole kikakua kimepinda.

Mwambie anyooshe kidole chote mwenyewe, bila kukishika kwa mkono mwingine. Kisha akunje ngumi polepole. Ncha ikilegea na kushindwa kunyooka, inawezekana kano inayoinyosha imekatika. Hapo kidole hufungwa kikiwa kimenyooka kwa wiki 6 hadi 8 mfululizo, bila kukunjwa hata wakati wa kuoga, na kazi hiyo ianzwe na mhudumu wa afya. Ukiona pia kwamba kidole kimekaa upande, kinapanda juu ya mwenzake anapokunja ngumi, kina ganzi, kimekuwa cheupe au kina jeraha lililo wazi, nendeni hospitali yenye eksirei siku hiyo hiyo. Kwa kuwa kilivutwa na bado kimevimba, mimi ningempeleka hata kama hana dalili hizo. Hapo Arua mna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wakati mnajiandaa, vueni pete kama anayo, mtieni kitambaa chenye maji baridi, na mfunge kidole hicho pamoja na jirani yake, pamba kidogo katikati. Msikikande kwa maji moto wala kukichua siku hizi za mwanzo.

Sasa tuje kwa mzee wa nyumba. Hoja yake ni ya mtu anayetaka amani, naiheshimu. Ila ndani yake kuna dhana kwamba sheria za voliboli ndizo zilizo sahihi, na chochote kingine ni kuharibu. Voliboli yenyewe ilianza namna hii hii. Mwaka 1895, huko Holyoke katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwalimu wa michezo wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, aitwaye William G. Morgan alikuwa na wanaume wenye umri mkubwa kidogo ambao mpira wa kikapu uliwachosha na kuwaumiza. Akafunga wavu kwenye kimo cha mita 1.98, akawapa mpira waurushe huku na huku. Hakuweka kikomo cha wachezaji, na timu iliweza kuugusa mpira mara nyingi ilivyotaka kabla ya kuuvusha. Sheria ya miguso mitatu ilikuja mwaka 1920. Mtindo wa kumtengea mwenzako mpira ili aupige kwa nguvu ulikuzwa Ufilipino mnamo 1916. Libero, yule mchezaji wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti, aliingia kwenye sheria za kimataifa mwaka 1998 tu. Yaani watu wamekuwa wakiurekebisha mchezo huu kwa zaidi ya miaka 100, kila mara wakijibu tatizo walilokuwa nalo uwanjani. Watoto wako wana tatizo lao, nao wana haki ya kulijibu.

Tena wavu wa kweli hautawatatulia. Tatizo la Pazia ni muda, na watoto wadogo kwenye wavu wa kawaida wana tatizo hilo hilo.

Fikiria mchezaji wa voliboli anapopokea sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi. Hasubiri mpira upigwe. Anamtazama mpigaji bega, anatazama mkono unavyokuja, na mguu wake umeshaanza kusogea kabla mpira haujavuka wavu. Ukitundika kitenge unamnyima yote hayo. Anachobaki nacho ni kipindi kuanzia mpira unapochomoza juu ya kitambaa hadi unapofika kwenye mikono yake. Tufanye hesabu. Kitenge kiko kwenye mita 2. Mtoto wa miaka 8 anapokea mpira kwa mikono iliyo kama sentimita 60 kutoka ardhini. Mpira ukichomoza ukiwa tayari unashuka, utaanguka mita 1.4, na hilo huchukua nusu sekunde na kidogo. Jicho na ubongo vinakula takribani robo sekunde kabla mwili haujaanza kuitika, kwa mtoto hata zaidi. Inabaki robo sekunde ya kukimbia, kuinama na kuunganisha mikono. Hata mchezaji wa klabu hapo angehangaika. Pacha wako hawafuniki uso kwa sababu ni waoga. Miili yao imeshajua kwamba muda hautoshi, kwa hiyo inajikinga.

Kuna jambo jingine linalowasukuma kujikinga. Watoto wetu Uganda wamekua na kwepena, ambamo mpira ukija unaukimbia. Ni mazoezi mazuri ya macho na miguu, lakini katika Pazia lazima wafanye kinyume, waende kwenye mpira. Hilo linahitaji mipira mingi ya polepole kwanza.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwa kila sheria mnayotaka kuongeza ni moja: inaleta muda kiasi gani, na inaondoa nini? Mimi nisingeondoa pazia. Ndilo lililoleta majirani, na ile sekunde ya kutojua mpira utatokea wapi ndiyo raha yenyewe. Muda utafuteni kwingine.

Pa kwanza pa kuutafuta ni juu. Fungeni kamba ya pili, nyembamba, mita 1.5 juu ya ile ya vitenge, kutoka tawi la mwembe hadi nguzo ndefu mtakayoisimamisha kando ya banda. Sheria: kila mpira unaovuka lazima upite juu ya kamba ya pili. Angalia kinachotokea. Mpira unachomoza juu ya kitenge ukiwa bado unapanda, unapanda mita 1.5 nyingine, kisha unashuka hadi kwenye mikono ya mtoto. Hapo mna kama sekunde 1.3, zaidi ya mara mbili ya mwanzo. Na kuna faida ambayo hutaiona kwenye hesabu. Kijana wa miaka 15 hawezi kupiga mpira kwa nguvu kuelekea chini huku akiupitisha juu kule. Nguvu zake zinabaki, ila zinatumika kulenga. Atagundua mwenyewe kwamba mpira mrefu unaodondoka kwenye kona ni mgumu kuliko kishindo.

Pa pili ni ardhi: ruhusuni mpira udunde mara moja. Kwenye ardhi ngumu ya murramu mpira uliojazwa vizuri utaruka tena, na hata ukipanda mita 1 tu mmepata karibu sekunde 0.9 zaidi kabla haujagusa chini tena. Kwenye mchanga au majani marefu sheria hii haina maana, mpira utakufa. Kasoro yake nisikufiche: mkiruhusu mdundo kwa kila mtu, wakubwa wanazembea, wanangoja mpira udunde badala ya kuukimbilia. Ningewapa mdundo walio chini ya miaka 12 peke yao.

Pa tatu ni mikono. Mwaka ule ule wa 1895, huko New Orleans, Clara Gregory Baer alibuni mchezo uitwao Newcomb ambamo mpira hudakwa na kurushwa juu ya kamba badala ya kupigwa. Hadi leo walimu wengi wanaanzishia watoto voliboli kwa njia hiyo. Pacha wako waruhusiwe kudaka, kisha warushe kutoka pale pale walipodaka, bila kutembea. Nasisitiza bila kutembea, maana mtoto akikimbia na mpira mwendo wote wa mchezo unapotea na wengine wanasimama kumtazama. Baada ya wiki kadhaa uwaambie: daka mpira wa kwanza tu, wa pili upige.

Msiweke zote tatu jioni moja. Anzeni na kamba ya juu, chezeni hadi pointi 7, ulizeni watoto wanaonaje, ndipo mwongeze nyingine. Mkibadilisha mambo matatu kwa pamoja hamtajua lipi lilisaidia, na watoto watabishana juu ya sheria kuliko kucheza.

Kuhusu nafasi, mita 10 kwa 6 inatosha vizuri. Katika voliboli ya ndani kila upande una mita za mraba 81 kwa watu 6, kila mmoja analinda 13.5. Ufukweni ni wawili kwa mita za mraba 64, kila mmoja 32, ndiyo maana wale wanakimbia vile. Ninyi mna mita za mraba 30 kila upande. Mkiwa wanne kwa wanne kila mtoto ana 7.5, eneo ambalo hata wa miaka 8 analifikia kwa hatua mbili. Mkizidi wanne watagongana. Mkipungua hadi wawili mpeni kijana wako mpinzani wa kimo chake, maana hapo wadogo hawatafika.

Sasa naomba unisikilize kwa makini juu ya usalama, kwa sababu pazia lina hatari ambazo wavu hauna.

Waya uondoke leo. Waya wa kuanikia nguo haukatiki wala haunyumbuki, na mtoto anayekimbia huku akitazama juu unaweza kumkuta shingoni. Tumieni kamba ya katani au ya nailoni, ifungwe kwa fundo linaloachia likivutwa kwa nguvu. Vitenge navyo vining'inie tu, visibanwe chini. Na viishie kama sentimita 40 kutoka ardhini. Ule uwazi una kazi mbili: upepo unapita bila kuvimbisha kitambaa kama tanga, na watoto wanaona miguu ya upande wa pili. Utashangaa wanavyojifunza upesi kusoma miguu. Hicho ni kidokezo kidogo kinachorudisha sehemu ya muda walionyimwa, na hakiharibu siri ya mchezo.

Kisha chora mstari mita 1 kutoka kwenye pazia, kila upande, na ukanda huo usiingiwe kabisa. Kwenye wavu wa kawaida wawili wakikimbilia mpira mmoja wanaonana na kusimama. Kwenye pazia hawaonani, wanagongana vichwa kupitia kitambaa. Mpira ukidondoka ndani ya ukanda, unarudiwa bila pointi. Mtoto akigonga kichwa, halafu akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au kichwa kikazidi kumuuma, msingoje asubuhi.

Sigiri isiwe karibu na uwanja jioni, hata kama imezimwa. Na msimu wa maembe fagieni kabla ya kucheza. Embe lililoiva chini ya mguu unaokimbia linateleza vibaya, na mizizi ya mwembe iliyotokeza ipakwe chokaa ili ionekane.

Mpira wenyewe una sehemu yake katika kidole cha binti. Morgan alijaribu kwanza mfuko wa ndani wa mpira wa kikapu, ukawa mwepesi na wa polepole mno. Akajaribu mpira wa kikapu mzima, ukawa mzito. Ndipo akaomba utengenezwe mpira maalumu. Leo mpira rasmi una gramu 260 hadi 280, na wa ndani hujazwa upepo hadi kilo 0.30 mpaka 0.325 kwa sentimita ya mraba. Wa ufukweni una uzito huo huo lakini upepo ni 0.175 hadi 0.225, laini zaidi. Kwa watoto jazeni kwa kipimo cha ufukweni. Kama hamna kipimo, bonyeza kwa vidole gumba viwili: uzame kidogo bila kulegea. Mpira wa nyuzi za migomba ambao watoto wetu hujitengenezea ni mzuri kwa michezo mingine, lakini hapa ni mzito na haudundi, utaumiza vidole zaidi. Mpira wa ngozi ulionyeshewa pia uuweke kando ukauke.

Nimemwacha mpwa wako hadi sasa kwa sababu jibu lake ni refu kidogo kuliko "mruhusuni naye acheze". Kuhesabu pointi si kucheza, na mtoto wa miaka 11 anajua hivyo. Kuna voliboli ya kukaa, iliyoanza Uholanzi miaka ya 1950 na iliyomo katika Paralimpiki tangu 1980. Uwanja wake ni mita 10 kwa 6. Umeona? Ni uwanja wenu. Wavu wa wanaume una mita 1.15, wa wanawake 1.05, na makalio lazima yaguse chini unapocheza mpira. Seti moja kila jioni chezeni wote mmekaa, kijana mkubwa akiwemo. Shusheni kamba hadi mita 1, ondoeni kamba ya juu, na vitenge vikunjwe viwe vifupi, maana waliokaa tayari wako karibu. Tandikeni mikeka au turubai, murramu unachubua. Katika kukaa, mwendo unatoka mikononi, na mtoto aliyezoea kujisogeza kwa mikono mara nyingi anawazidi wenye miguu mizima kwa siku za kwanza. Mwacheni awazidi. Kwenye seti za kusimama apewe nafasi ya nyuma katikati pamoja na mdundo, kama mguu wake unamruhusu kusimama kwa raha. Kama kuna fundi wa mazoezi ya viungo anayemwona, muulizeni kuhusu kurukaruka kabla ya kuanza. Mimi siuoni huo mguu.

Ugomvi wa pointi una chanzo kimoja: upande wa pili hauoni mpira ulipodondoka. Basi upande ulioona ndio useme kama uliingia au ulitoka, na wasipokubaliana wao kwa wao, mpira urudiwe. Mtu mzima akipatikana akae kwenye kiti mwisho wa pazia, anaona pande zote. Na ili kijana asimeze kila mpira, wekeni hivi: upande ukiuvusha mpira baada ya kila mchezaji wake kuugusa, na ukashinda hapo, unapata pointi 2 badala ya 1. Ondoeni kikomo cha miguso mitatu. Kuna wanaopendelea kulazimisha mdogo aguse kila mpira. Mimi sipendi, kwa sababu kosa lote linamwangukia mtoto mmoja mbele ya wenzake. Pointi ya ziada inawafanya wakubwa wamtafute mdogo kwa hiari yao, na wampe pasi laini.

Anayebaki ni kijana wako wa miaka 15. Pazia litamfundisha kulenga na kuwa mvumilivu, ila halitamtosha, naye atataka kuruka na kupiga. Hapo mume wako ana hoja ya kweli, lakini wavu nyuma ya nyumba bila mwalimu si jibu. Kuruka na kutua juu ya ardhi ngumu mara nyingi bila kufundishwa kutua kunachosha magoti, na kupiga kwa bega bila mtindo sahihi kunaliumiza. Shule ikifunguliwa mpeleke kwa mwalimu wa michezo, amtazame akiruka, amrekebishe ana kwa ana. Na kama tayari analalamika maumivu chini ya kifupa cha goti kila baada ya kucheza, umri huo ni wa kukua haraka na maumivu hayo ni ya kawaida kwa vijana wanaoruka sana, lakini apumzike kuruka hadi mhudumu wa afya amwangalie.